Makadirio ya Dari

Nilikuja na futi ya chuma, penseli sikioni,
na Nzaro, kijana wangu, kabeba ngazi.
Tajiri anataka duka la vigae,
vya jikoni, vya bafuni, vitokavyo Italia;
Malindi nzima siku hizi inateleza.
"Pima dari tu," alinambia. "Kuta zina umri,
usizitie maneno."

Dirisha lililokuwa la tiketi
sasa Mwanashee anauzia mabuyu,
karatasi shilingi kumi, ulimi mwekundu hadi magharibi.
Alitupa moja moja, akatoa ufunguo chini ya ndoo ya achari.
"Mlango huu hausukumwi," akasema. "Hubembelezwa."
Tukaubembeleza. Ukatukohoa.

Ndani,
harufu ya popo na chokaa iliyolowa,
viti vya chuma vimelaliana kama dagaa siniani.
Boriti thelathini na moja. Nilihesabu mara mbili,
kwa kuwa mama aliniambia thelathini na mbili,
na mama hakosei hesabu ya vitu alivyovitazama
alipokatazwa kutazama jukwaa.

Maana wanawake walikaa nyuma ya pazia la marekani,
na yeye, miaka kumi na sita, aliletwa na shangaziye
kwa sharti moja: macho juu.
Basi akaangalia juu.
Fidla ilimjia kwa njia ya boriti,
ganuni kwa njia ya boriti,
na mwimbaji hajui uso wake hata leo.
Anamjua kwa pumzi, alivyoivuta
kabla ya mstari wa tatu.

Usiku mmoja akanyanyuka,
akapenyeza mkono pazia kwenda kutunza.
Shilingi ikamponyoka.
Ikabingirika (anasema aliisikia,
fidla zote zikilia, aliisikia)
ikaingia kati ya mbao za jukwaa.
Shangazi akamfinya. Alama ipo mkononi bado,
au anasema ndiyo ile.

Nzaro aling'oa mbao mbili, akazama na tochi ya simu.
"Fundi, huku kuna benki!"
Akatoa vifuniko vya soda, pini za nywele,
kigingi cha udi,
jino la mtu, au la paka,
na shilingi. Si moja. Kiganja kizima,
nyeusi, zimegandana.
Kumbe si mama peke yake aliyetetemeka mkono.

Nikampigia, Mambrui.
"Boriti ni thelathini na moja."
"Hesabu na ile iliyozibwa juu ya mlango."
Nikageuka. Thelathini na mbili.
"Piga kofi nisikie."

Nikaweka simu ukingoni mwa jukwaa, nikapiga.
Kofi likaenda hadi ukuta wa mwisho, likakawia huko
kama mgeni anayetafuta viatu vyake,
likarudi.
Simu kimya. Nikadhani ni mtandao.
Kisha: "Feni wameitoa?"
Nikatazama juu. Ndoano tupu.
"Wameitoa, mama."
"Ilikuwa ikilia," akasema. "Kila ikizunguka, kii.
Sisi tukidhani wapigaji wanafuata dumbaki.
Walikuwa wakiifuata ile."

Habari ya shilingi sikumtajia.
Angeniuliza ni ipi, nami ningechagua.
Nzaro alizirudisha moja moja,
kwa nini, sikumuuliza,
tukapigilia mbao.

Usiku nimeandika makadirio, karatasi ya mistari:
bodi, misumari, rangi ya maji, nauli ya Nzaro.
Dari, futi arobaini kwa ishirini na nne.
Penye bei pako wazi.
Si huruma. Kazi naitaka,
karo ya muhula wa pili iko mlangoni na viatu miguuni.
Ila nimekaa na penseli tangu isha,
najaribu kukumbuka ndoano ile
iko boriti ya ngapi.

Tajiri atapiga simu asubuhi.
Ulimi wangu bado mwekundu.