Safu Tatu

Mimi ndiye niliyeandika.
Kalamu ya serikali, wino wa serikali,
mkono wangu.
Daftari lilikuwa na safu tatu:
jina la mtumwa, jina la bwana, fidia.

Kila Alhamisi, jua halijafika paa la forodha ya Malindi,
Feruzi mshona viatu alikuwa keshafika barazani,
watu wawili watatu nyuma yake,
miguu myeupe kwa vumbi la mashamba ya ufuta.
Yeye aliachwa huru na bibi mmoja aliyekuwa akikata roho,
akiogopa maswali ya kaburini.
"Mimi nilingoja mtu afe," aliniambia. "Hawa wasingoje."
Sheria aliijua kwa moyo, herufi hata moja hakuijua.
Nikiruka mstari, hukohoa.

Siku hiyo alikuja na mwanamke.
Jina?
Faida.
Nikaandika Faida.
Bwana wake, Ghalibu bin Nasoro, akasogeza kiti,
akaeleza hasara: palizi mbili, mavuno,
na watoto ambao bado angeweza kuwazaa.
Rupia arubaini na tano.
Alizihesabu mara mbili.
Moja aliigonga mezani, akasikiliza mlio wake.

Feruzi akakohoa.
Sikuwa nimeruka mstari.
"Na huyu? Miaka kumi na tisa ya jembe.
Safu yake ni ipi?"
Nikalitazama daftari kama mtu achunguliaye kisima kikavu.
Nikasema: safu ni tatu.

Mwanamke alitaka nimsomee karatasi yake.
Nikasoma: Faida, huru.
"Faida ya nani?"
Ndilo jina ulilonipa, nikamwambia.
"Ndilo nililopewa. Mama aliniita jingine.
Linaanza na Na...
kilichofuata sikumbuki. Nilikuwa ningali nabebwa mgongoni."

Bwana alikuwa ameshaondoka.
Nikachovya kalamu, nikaandika pembeni, nje ya safu zote:
Na

Alikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga,
akaenda kuketi kwenye ngazi ya mahakama.
Adhuhuri ikaadhiniwa yuko pale pale.
Hakuna aliyekuwa amemtuma popote.

Mwisho wa mwaka mkaguzi alikuja kutoka Mombasa,
akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa,
kikasimama.
"Na nini?" akauliza.

Nikamwambia wino uliisha.