Daftari la Katibu

Alhamisi ya kwanza tulikuwa kumi na mmoja,
chumba cha juu, nyumbani kwa Mwanakombo Shee, Kibokoni:
santuri tatu za kupiga hendeli
na kisanduku kimoja cha muziki, urithi wa Taherali,
chenye meno ya chuma sabini na mawili,
mawili yamevunjika, basi wimbo ukifika pale
huruka kama mtu arukaye dimbwi la Marikiti.

Mie ndimi katibu. Majina nimeyaandika,
na majina nimeyapiga mstari.

Shebwana alikuja majuma matatu.
Hakupewa hendeli hata mara moja:
mwenyekiti Badawy hakuruhusu mtu kugusa.
“Kamani ikikatika, nani alipe?”
Tukaketi kama tunaongoja kuitwa na daktari,
mikono mapajani, tukisikiliza kwa adabu.
Adabu nayo huchosha.

Nyevu Karisa, fundi wa cherehani,
alivuka feri kutoka Likoni, kucha zina grisi,
akauliza: “Sindano moja hupiga sahani ngapi?”
Wakacheka. Hata mie nilicheka.
Nimeliandika hilo kwa wino ule ule
nilioandikia ada yake.

Tulibandika matangazo Makadara, Ganjoni,
mlangoni pa duka la dawa. Karibuni nyote.
Ada ilikuwa mia mbili, tukaishusha hadi mia,
tukaifuta kabisa; ngazi ikabaki kimya.
Mwanakombo akapika mahamri kwa mbaazi.
Ah, siku hiyo viti havikutosha!
Mahamri yalipokwisha,
watu nao wakaisha.

Kufika Shaabani tumebaki wanne,
mmoja wetu kiziwi wa sikio la kulia.

Ndipo kamani ikakatika.
Mkononi mwa Badawy mwenyewe, sahani ikiwa katikati:
sauti ya mwimbaji ikazama, ikawa nzito,
ikawa ng’ombe, ikawa hakuna.
Badawy akavua kofia, akaitazama ndani
kana kwamba kamani nyingine imo humo.

Asubuhi nikapanda feri.
Nilimkuta Nyevu barazani, cherehani ya mtu imelazwa ubavu.
Maneno ya samahani niliyoyatunga tangu kivukoni
yote yakanitoka.
Hakuinua uso. “Sindano moja hupiga sahani ngapi?”
“Upande mmoja,” nikasema. “Ukiipenda sahani yako,
upande mmoja tu.”
“Kumbe jibu mlikuwa nalo.”

Akaja Alhamisi na gazeti kuukuu,
akalitandika sakafuni, akaifungua santuri kifua.
Dirisha lilikuwa wazi; mlio wa nyundo ukashuka mtaani.
Watoto wa jirani wakapanda ngazi,
na nyuma yao mama yao, aja kuwaita, asiwaite,
na Shebwana, aliyekuwa akipita,
au akijifanya apita.
Nyevu akampa bisibisi bila kumtazama:
“Shika hapa.”
Akashika mpaka isha.

Miaka yote tuliwaita watu waje kusikia.
Hawa walikuja kuona tumbo la chuma,
na kila aliyelipaka mafuta
alirudi juma la pili kuuliza hali yake,
kama mtu aliyemwacha mgonjwa wodini.

Mstari wa wino haufutiki.
Jina la Shebwana nimeliandika tena, chini, upya.
Sasa tuko kumi na sita. Siapi
kwamba mwezi ujao tutakuwa hivyo.
Asiyeonekana mara mbili, mie humwendea hodi
bila daftari mkononi,
nikamwambia kiti chake kilikaa kitupu, basi.

Na yale meno ya kisanduku? Moja Nyevu amelichonga.
La pili tulilipigia kura, likabaki pengo:
wimbo ukifika pale kila mtu hutia lake,
polepole, puani,
wala hatulingani hata kidogo.

Alhamisi ijayo: mafuta ya cherehani, yeyote aliye nayo.
Zamu ya hendeli ni ya Badawy; ameomba.
Taa ya ngazi imeungua.
Shikeni ukuta.