Mwaka Nao Umechanga

Saa kumi kasorobo, Ngara, orofa ya pili,
baina ya fundi wa viatu na muuza nyuzi za kusukia,
Mudanya anatua karatasi ya mraba mezani pangu:
majina kumi na manne, mwandiko ulioinamia kushoto,
na bahasha iliyobanwa kwa raba.
Basi la Vihiga laondoka saa mbili.
"Kerubo, nichapie. Lakini kompyuta ijumlishe yenyewe.
Kamati haiamini kalamu yangu."

Nikachora jedwali. Nikapanga majina, nikapanga pesa,
juu ya safu ya pesa nikaandika mwaka, 2023,
na chini kabisa fomula: jumlisha vilivyo juu.
Kitabu cha maelekezo huiita sehemu hiyo uga.
Mudanya akacheka kidogo, cheko la puani.
"Uga? Uga ndio tutakaouchimba kesho."

Kosa la sintaksia, ikasema mashine,
kwa herufi nzito, kama karani wa ofisi ya ardhi.
Nilikuwa nimefungua bano, sikulifunga.
Nikalifunga. F9.
Elfu saba na mia nne.

"Elfu saba!" Akaishika bahasha kwa mikono miwili.
"Wataniua kabla hatujamzika Asava."

Nikapanda na kishale, seli baada ya seli,
mpaka kwa Ambani, kakake marehemu,
ambaye mkabala wa jina lake hapakuwa na kitu.
Fomula ikifika penye pengo hudhani imefika mwisho.
Hairuki. Haiulizi kama huko juu kuna wengine.
"Tumwandikie sifuri," nikasema.
Mudanya kimya. Nje mtu alikuwa akinadi soksi.
"Sifuri ni neno kubwa kwa ndugu wa damu."
"Ni kubwa. Lakini pengo linawafuta wote walio juu yake."
Akaniitikia kwa kidevu.

F9. 47,773.
Bahashani mna elfu arobaini na sita, mia mbili hamsini.
Karatasi ikipungukiwa, mweka hazina ni mjinga;
karatasi ikiizidi bahasha, ni mwizi.

Kageha aliahidi mia tano, hajazitoa,
nami, kwa adabu ya uchapaji, ahadi nikaitia mabanoni.
Mashine huyasoma mabano kuwa deni:
ilimpokonya mia tano ambazo hata hakuwa nazo.
Ahadi nikaishusha kwenye maelezo ya chini.
F9. 48,273.
Tulitaka ishuke, imepanda.

Nikatoa kwa kalamu, nyuma ya risiti ya maziwa.
Tofauti: elfu mbili na ishirini na tatu.
Niliitazama namba ile mpaka nayo ikanitazama.
Haikuwa ya mtu.
Fomula ilikuwa imekwea hadi kileleni mwa safu,
ikaukuta mwaka umesimama pale, tarakimu nne,
ikauhesabu miongoni mwa wafiwa.

"Mwaka nao umechanga," nikamwambia.
Mudanya akavua miwani.
"Mwaka huu? Huu uliomlaza Asava wodini miezi minne,
ukamla ng'ombe wake wa pekee, ukala na cherehani,
huu ndio utoe elfu mbili?"
Akaifuta miwani kwa ncha ya shati, muda mrefu.
"Uondoe. Haukutoa hata ndururu."

Sikuuondoa. Niliuandika kwa herufi,
elfu mbili ishirini na tatu,
uwepo, usihesabiwe.
F9. 46,250.

Nakala nne, shilingi themanini.
Alizilipa. Nikazitia bahashani,
nikaongeza mstari: Kerubo, mchapaji, 80.
Jumla haikutikisika. Uga haujui habari mpya
mpaka uende kuuambia.
Nikauambia.

Mudanya hakuangalia kioo.
Alikwisha kuifungua bahasha, amelamba kidole,
anahesabu noti na sarafu upya,
midomo ikienda bila sauti,
na karibu na mwisho akapotea,
akaanza tena.