Ndege Asiye na Jina

Nilikukuta darasa la saba, Kibosho,
kitabu cha padri kisicho na jalada,
kurasa tatu zimeliwa na mchwa.
Nilikilipia kwa kufua kanzu zake mwezi mzima.

Wewe uliziiba hadithi za Walatini
ukazivika kofia za kijijini kwenu.
Nami nimekuibia wewe, miaka arobaini na miwili,
usiku, nyuma ya leja za chama cha kahawa.

Mbwamwitu wako, mwenye theluji mgongoni,
nikamfanya fisi.
Divai nikaiita mbege.
Yule mtawa mlafi, unisamehe,
nimempa kikohozi cha mhasibu wetu, marehemu Ndewirwa.

Neno moja tu limenishinda:
ndege wako anayeimba gizani.
Nikaandika kurumbiza, nikafuta.
Nikaandika chiriku, nikafuta, karatasi ikatoboka.

Jana umeme ulikatika Pasua yote.
Aikande, mjukuu wangu, akashika kibatari:
"Bibi, soma tu. Mwache bila jina."

Nikasoma. Nilipomfikia ndege
nikanyamaza kidogo,
na nje, kwenye migomba ya jirani,
kitu fulani kikalia mara mbili.