Picha ya Alhamisi

Dirisha la bima lilimkataa mara tatu.
Somoe binti Chilumba aliweka dole gumba,
akalifuta kwenye kanga, akaliweka tena,
mashine ikalia: haitambuliki.
Miaka ishirini na sita ya kubangua korosho,
mafuta ya ganda yamekula mistari yote,
vidole vimebaki laini kama ndani ya kikombe.
Wakaandika jina lake kwa kalamu.

Sasa yuko mezani, chumba cha pili, Mitengo,
na mimi nina mashine nyingine
inayotakiwa kumtambua
kwa ndani.

Kazi yangu ni ndogo kuitaja:
nachukua picha ya Alhamisi, ile ya skana kubwa,
naivalisha juu ya mwili wa Jumanne
unaopumua chini ya ultrasaundi.
Havilingani. Havijawahi kulingana.
Alhamisi alikuwa amekunywa uji; leo ana njaa tangu jana.
Alhamisi alilala chali; leo tumemlaza ubavu.
Ini limeteleza milimita nne,
na milimita nne, kwa uvimbe wa sentimita mbili,
ni kama aliyeaga anakwenda Nanyamba
akaamkia Tandahimba.

Naiambia programu: tafuta mshipa mkubwa,
tafuta panda yake, pale unapogawanyika
kama barabara pale Mnazi Mmoja,
huku Lindi, huku Masasi, huku kwetu.
Navuta, nageuza, picha inagoma,
kisha panda inakaa juu ya panda
na rangi za Alhamisi zinatulia
juu ya kijivu cha leo.

"Shika pumzi, mama."
Anashika. Ini linasimama.
Dokta Nambunga anasukuma sindano.

Kwenye kioo kuna maduara mawili:
jekundu ni uvimbe,
la njano ni milimita tano za nyama nzima
zitakazoungua pamoja nao.
Jana aliniuliza kwa nini tuchome kisicho na kosa.
Kabla sijapata neno akajijibu:
"Aa. Kama shamba.
Ukichoma kichaka ukaishia kwenye majani yake,
mvua ya kwanza inakurudishia kichaka chako."

Moto wenyewe hauna moshi.
Ni gesi ya Msimbati iliyogeuka umeme,
umeme ukageuka wimbi,
wimbi likashuka hadi ncha ya sindano
likayatikisa maji ya nyama mpaka yakachemka.
Wanasema maneno hukata maini.
Hapa hakuna anayesema kitu.

Dakika ya sita.
Programu imechora yai kamili,
maana programu hupenda mayai.
Lakini kando ya mshipa damu inapita,
na damu ipitayo huondoka na joto,
haiulizi ni la nani.
Pale sioni milimita tano. Naona mbili,
labda mbili na ukungu.
Kioo kimeandika TAYARI kwa herufi za kijani.
Ningeweza kunyamaza. Wagonjwa wawili walikuwa wanangoja,
na Dokta alikwisha legeza bega.

"Dokta, upande wa mshipa bado."

Akaitazama TAYARI.
Akanitazama mimi, mwenye cheti cha miaka mitatu.
Akairudisha sindano nyuma kidogo,
akaiinamisha, akasema, "Hesabu."
Nikahesabu dakika nne nyingine,
"shika, mama; achia, mama,"
mpaka ule ukungu mweupe ukalala juu ya mshipa
kama mtu aliyepata nafasi yake kwenye mkeka.

Jioni alifungua macho, ulimi mzito wa dawa:
"Kiini kimetoka kizima?"

Hakikutoka, mama. Kimebaki humo humo,
kimekufa, nadhani.
Tutapiga picha nyingine baada ya mwezi,
na siku hiyo nayo mwili utakuwa umeshasogea.

Hakusema kitu.
Aliniangalia vile wanavyomwangalia karani wa ghala
mshale wa mizani
unapochelewa kutulia.