Ipo Kwangu, Juu Yako

Miaka minne nilimpigia chapa Sista Atrakta barua zake,
zahanati ya Igoma, kwa mashine yenye R iliyolegea,
na kila barua ya kwao ilifungwa kwa maneno mawili: le meas.
Mimi nilifundishwa "Wako mtiifu".
Nikadhani Le Meas ni jina la ukoo.

Akacheka. "Ni heshima. Pamoja na heshima."
Basi nipe kitenzi, nikasema,
nimheshimu mtu kwa Kiayalandi.
Akajikuna chini ya kitambaa.
Kwetu husemi unamheshimu. Unasema ipo:
ipo heshima kwangu, juu yako.
Kama koti?
Kama koti. Kama deni pia.
Ipo shilingi kwangu, juu yako:
ujue nakudai.

Usiku nikaigeuzageuza lugha yangu kitandani.
Nina heshima. Ni, na.
Mimi na heshima tumekaa wawili, wewe hutajwi.
Yule ana heshima, na hujui
anaitoa au anapewa.
Shikamoo, hiyo kweli inashika miguu,
ila siku hizi tunaitupa tukiwa tunapita.

Jumamosi nikampeleka Mwaloni kwa mama.
Mama Holo hana mizani.
Anasimama mbele ya dagaa waliomwagwa,
wangali na mchanga wa Ukara,
anatazama mpaka wachuuzi wanaguna.
Kisha: "Sado kumi na saba na kiganja."
Wakapima. Kumi na saba.
Kiganja kikabaki juu ya turubai.

Sista akanibana kiwiko: na hiyo ni meas,
kukadiria kwa jicho, neno ni hilohilo!

Mama akageuka, akamtazama yeye sasa,
viatu vilivyotiwa kiraka, mikono yenye harufu ya dettol,
akatazama kwa muda uleule wa dagaa.
Hakutaja idadi.
Akafunga fungu moja kwenye gazeti.
Sista akafungua pochi. "Hapana," mama akasema,
"nitaandika."

Sista alirudi kwao mwaka wa mvua nyingi, akafia huko.
Juzi nilikuwa nafuta madeni ya zamani daftarini,
nikafika: Sista, fungu 1.
Nikashika kalamu.

Mama, asiyejua nchi ile iko upande gani wa ziwa,
akaufunika mstari kwa kiganja.
"Hilo liache.
Bado liko juu yake."