Rehani

Watasema ilipitia majumba makubwa ya ng'ambo,
jukwaa, suti nyeusi, makofi.
Sibishi. Huko sikuwepo.
Mimi nilikuwa Mtaa wa Swahili, dukani kwa baba,
miaka tisa, nakunja nyaya,
siku fundi mitambo wa meli ya mbolea
alipoleta redio iliyokunywa maji ya chumvi.
Hakuwa na shilingi. Akaacha santuri,
akaonyesha kwa vidole: kesho.
Meli iling'oa nanga usiku uleule.

Hivyo ndivyo Brazili ilivyofika Kariakoo:
kwa deni.

Baba akaiweka rehani ile chini ya sindano,
akangoja tarumbeta. Hazikuja.
Gitaa moja tu, limechuchumaa mlangoni,
na mwanamume anayeimba kama anachelea kuamsha nyumba.
"Anaumwa?" akauliza Mama Chiku wa vitumbua.
"Aa, analaza mtoto."
Tangu hapo wateja wakaja na kaseti tupu:
"Nirekodie ile ya Mlaza Mtoto."

Zeferino alikuja kutafuta betri.
Mkimbizi wa Msumbiji, mpiga taipu wa chama chao,
kola imenyooshwa pasi, maneno ya kuhesabu.
Akasimama, betri mkononi.
Lugha ya waliochoma kijiji chao
inatoka spika ya baba,
laini, imevuliwa buti.
"Hii nimeijua kwa kufokewa," akasema.
"Sikujua kama inaweza kunong'ona."

Jioni akawa anatufasiria.
Kumbe si wageni sana: meza yao ni meza,
bendera ni bendera, na leso wanayo, wanafutia machozi.
Kanisa lao tu, kwa masikio yetu, ni gereza.
Zeferino alicheka mpaka akakaa chini.
"Na ngoma?" baba akauliza. "Ngoma wameitoa wapi?"
Hapo hakucheka.
"Hiyo walikwenda nayo wa kwetu,
chini ya sitaha, bila tikiti."

Kaseti thelathini, halafu mia, halafu tukaacha kuhesabu.
Zilikwenda Tanga kwa reli,
Mtwara ndani ya mkoba wa mwalimu.
Mpiga gitaa wa bendi moja ya Magomeni
alikaa siku tatu kwenye benchi letu
akiwinda sauti moja iliyopinda.
Alipoipata akaenda zake bila kuaga,
na Jumamosi ile, katikati ya dansi,
watu walisita, mguu hewani,
wasijue kwa nini.

Santuri ilikuwa na mkwaruzo.
Wimbo wa tatu, karibu na mwisho, sindano iliruka,
neno likakatika,
na kaseti zote zikaubeba mruko huo;
hata waliouimba njiani waliimba wakiruka.
"Neno gani hapo?" nilimuuliza Zeferino
wiki aliyofunga sanduku kurudi kwao, kwenye uhuru.
"Silijui. Nami wimbo huu nimeusikia hapa hapa."

Juzi nilipanda lifti ya jengo la vioo, Posta,
kufuatilia mirathi ya baba.
Ghorofa ya saba, darini, ukaanza. Wimbo wa tatu.
Safi, umeoshwa. Hakuna aliyeinua kichwa.
Nikahesabu. Nikajiandaa kuruka.

Neno likapita zima mbele yangu,
nisilielewe, nisiwe na wa kumuuliza.
Mlango ukafunguka kwenye ghorofa isiyo yangu.
Nikashuka.